Sajda ya Sekunde Tatu

Mikeka ya madrasa yetu ilitolewa Alhamisi asubuhi, ikakunjwa na kurundikwa chini ya ngazi, na hakuna mzazi aliyeulizwa. Ijumaa maseremala wakapandisha meza ndefu. Jumamosi watoto walipofika walikuta viti vya plastiki, na mbele ya kila kiti tableti moja na vipokea sauti vya kuvaa masikioni. Ukutani, mahali pa ubao, paliwekwa skrini kubwa kama mlango. Mwenyekiti wa kamati ya madrasa alisimama katikati na viatu miguuni, ndani ya chumba ambacho miaka yote tuliingia peku, akatutangazia kwamba madrasa imeingia zama za kidijitali.

"Dunia inakimbia, ndugu zangu," alisema. "Sisi tusibaki tunatambaa."

Anapenda sana kusema hivyo. Yeye mwenyewe akitaka kufungua picha kwenye simu, anamwita mkwewe.

Na huyo mkwewe ndiye aliyeleta mambo yote haya. Amesoma kompyuta, shati lake halina mkunjo hata mmoja, na ana maneno laini kama mafuta ya cherehani. Watoto walimpa jina la Bwana Chaji, kwa sababu kila akiingia swali lake la kwanza ni "asilimia ngapi?" Programu yake ilikuwa inamsikiliza mtoto akisoma Kurani kwa moyo, inamlinganisha na sauti za wasomaji iliyolishwa, halafu inatoa alama. Ukipatia, unapata mstari wa kijani. Ukikosea, mwekundu. Ukinyamaza sekunde tatu, sauti ya mwanamke inakwambia, "Umesahau. Rudia." Usiporudia, inakwambia tena.

Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya Maalim. Mzee yule alikuwa anasikiliza watoto wawili kwa mpigo, mmoja sikio hili, mwingine lile. Ukikosea hakusemi. Anagonga kidole kwenye goti lake mara moja, na wewe unajua ni wewe, unarudi nyuma, unarekebisha, safari inaendelea. Sasa akaambiwa abaki na watoto wa alifu na bee katika chumba cha nyuma, kwa sababu Bwana Chaji alikuwa amegundua kwamba mashine haiwaelewi watoto wasio na meno ya mbele. Na kwa kuwa Maalim hufika mapema kuliko wote, akapewa na kazi ya kuchomeka tableti kwenye umeme.

Binti yangu alikuwa darasa la hifdhi, la wanaohifadhi Kurani nzima. Ana miaka kumi na miwili, na namwita mama kwa sababu amebeba jina la mama yangu. Alikuwa amehifadhi juzuu kumi, akianzia mwisho wa msahafu na kurudi nyuma, zote mbele ya Maalim. Zilibaki ishirini. Mimi shule niliiacha mapema na Kurani yangu ni ile ya kuswalia tu, kwa hiyo sitajifanya. Lakini huyu mtoto alitaka kumaliza. Alikuwa anasoma akiosha vyombo, anasoma akisuka nywele, anasoma mlangoni akimsubiri mdogo wake atoke chooni. Mama yake alikuwa akimwita mezani mara tatu ndipo anasikia.

Wiki ya tatu ya tableti, kamati ikabandika tangazo: mwisho wa mwezi kutakuwa na mtihani mbele ya wazazi. Atakayepata chini ya tisini anatoka darasa la hifdhi, anarudi chumba cha nyuma na wadogo.

Jioni moja akaja karakana kwangu moja kwa moja kutoka madrasa. Mimi ni fundi wa mizani. Natengeneza za duka la nafaka, za bucha, za zahanati wanazolazia watoto wachanga. Nilikuwa nimefungua mizani moja yenye uso wa saa, springi iko mezani, akanisukumia karatasi yenye mistari myekundu.

"Sabini na nne," nikasoma. "Wewe? Umesahau wapi?"

"Sijasahau, baba. Nilisujudu."

"Ulisujudu vipi?"

"Tulikuwa tunasoma Surat Sajda. Nikafika kwenye aya ya sajda, nikasujudu. Nilipoinuka ikawa imeshasema nimesahau mara nne."

Hata mimi ninalijua hilo. Ziko aya chache ndani ya Kurani ambazo ukizisoma, au ukimsikia mtu anazisoma, unasujudu palepale, halafu unainuka na kuendelea. Sura hiyo inayo moja, aya ya kumi na tano, na jina lake lenyewe linakwambia.

"Wenzako wanafanyaje?"

"Wanapita."

"Wanapita vipi?"

"Wanapita tu, baba, kama hakuna kitu. Wanasema ukisujudu kila sekunde tatu inakula alama."

"Na Maalim anasema nini?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. "Maalim hatufundishi tena. Anachomeka chaji."

Nikaiacha springi pale pale.

Jumapili kulikuwa na kikao cha wazazi. Tulikaa kwenye vile viti vya watoto, magoti yamefika kifuani. Mwenyekiti akasifu, katibu akamsifu mwenyekiti, Bwana Chaji akaonyesha picha za duara zenye rangi. Nikanyoosha mkono.

"Mimi nina swali la kifundi. Hiki chombo mmekipima?"

"Kimejaribiwa kwa sauti elfu tatu, mzee wangu," akasema Bwana Chaji.

"Sauti za nani?"

"Za wasomaji mbalimbali."

"Sizijui. Mtu akiniletea mizani mpya, siipimi kwa gunia nisilolijua. Naweka jiwe la kilo ambalo nina uhakika nalo. Mizani ikisema gramu mia nane, kosa ni la mizani, si la jiwe. Basi hapa tunalo jiwe. Mkalisheni Maalim."

Watu wakacheka. Wengine kwa kufurahi, wengine kwa kuogopa. Mwenyekiti akasema haina haja. Mama mmoja nyuma akasema, "Kwa nini isiwe na haja? Akae." Wakamleta Maalim, mikono ina vumbi la soketi. Bwana Chaji akamvalisha vipokea sauti juu ya kofia, vikamkaa kama pembe za mbuzi.

Maalim alisoma Surat Sajda. Sijui namna ya kueleza, ila watu walioingia wakiongea waliacha kuongea. Anasoma taratibu, anavuta panapotakiwa kuvutwa, anapumua panaporuhusiwa kupumua. Mara mbili alipumua kwa muda mrefu, umri huo, na yule mwanamke wa ndani ya mashine akamwambia, kwa spika ya ukutani, "Umesahau. Rudia." Maalim akamjibu, "Subiri kidogo, mama," watu wakaangua kicheko. Halafu akafika kwenye aya yenyewe. Akavua vile vyombo, akasukuma kiti, akashuka chini baina ya miguu ya meza, akasujudu. Na mashine inaita: umesahau, umesahau, umesahau.

Alipomaliza sura, skrini ukutani ikaandika: sitini na moja. Unahitaji mazoezi zaidi.

Nikajua tumeshinda. Kwa kweli nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Nikamgeukia mwenyekiti nimwone atasema nini.

Akakohoa. Akaweka uso wa msibani.

"Ndugu zangu," akasema, "Maalim wetu amezeeka. Tusimlaumu. Ametufanyia kazi kubwa enzi zake. Lakini mmejionea wenyewe kwa nini tulihitaji mabadiliko."

Na vichwa vikatikisika kwa kukubali! Watu ambao Maalim ndiye aliyewafundisha kutamka bismillahi, wanatikisa vichwa. Katibu akaandika kwenye daftari.

"Jamani, alikuwa anasujudu," nikasema. "Hamkumwona?"

"Kimfumo, sajda ni ukimya," akasema Bwana Chaji, kwa upole kama anamweleza mgonjwa. "Mfumo hauwezi kujua ukimya huu ni wa kusujudu na ule ni wa kusahau. Lakini si tatizo kubwa. Wanafunzi wanaweza wakasoma mpaka mwisho, halafu zile sajda wakazifanya baadaye nyumbani, zote kwa pamoja."

"Zikusanywe kama nguo za kufua?"

"Ni suala la utaratibu tu, mzee."

Nikamtazama Maalim. Alikuwa ameshainuka, anafuta paji la uso kwa kiganja. "Imejifunza mengi," akasema. "Kusubiri ndiyo hawajaifundisha." Akarudi kwenye chumba chake cha nyuma. Kikao kikaendelea na ajenda ya viyoyozi.

Sasa naandika jambo ambalo sipendi kuliandika. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechemka, na nilipopoa nikafikiri kama wao. Mtihani ulikuwa Jumamosi, na sura waliyoichagua kwa darasa zima la hifdhi ilikuwa hiyohiyo, kwa sababu ina aya thelathini na hesabu ya alama inakuja vizuri. Nikamwita binti yangu jikoni.

"Mama, sikiliza. Siku ya mtihani, ukifika pale, pita."

Akaegemea mlango wa jikoni.

"Utasujudu ukirudi. Nitakutandikia mswala mwenyewe. Hii si faradhi, ukiiacha huandikiwi dhambi. Wakikutoa darasani, juzuu ishirini nani atakusikiliza? Mimi? Mimi sijui hata ulipokosea."

"Maalim alisema inasujudiwa pale pale."

"Maalim amepata sitini na moja."

Neno hilo lilitoka kinywani mwangu. Mke wangu alikuwa anaosha sufuria, akageuka na sponji mkononi.

"Unamfundisha nini mtoto?"

"Namfundisha kubaki darasani."

"Basi mfundishe na viatu avivae ndani, awe mwenyekiti kabisa."

Mtoto akauliza kama anaweza kwenda, nikamwambia nenda.

Jumamosi chumba kilijaa. Tulikuwa watu kama sabini, wengine wamesimama ukutani. Wageni wa kamati walikaa mbele. Maalim alikuwa nyuma kabisa karibu na soketi, amekaa juu ya kijibao cha kuandikia alichokigeuza stuli, anachunga nyaya. Kila mtoto anaitwa, anakaa mbele ya tableti, mstari wake unaonekana kwenye skrini.

Wa kwanza alikuwa mjukuu wa mwenyekiti. Alisoma kama treni isiyo na vituo. Akafika kwenye aya ya kumi na tano, akapita, mstari kijani, mpaka mwisho. Tisini na nane. Makofi. Akaja wa pili, akapita. Wa tatu, akapita. Wa nne alisita kidogo, nikaona bega lake limeshuka, akamwona baba yake pembeni anamkazia macho, akapita. Tisini na tatu. Makofi.

Mara nne aya ile ilisomwa ndani ya chumba kile. Sote tuliisikia. Sote tulikuwa tunaangalia ukuta.

Wa tano alikuwa wangu. Nikatoa simu nikaanza kurekodi, nimshirikishe na shangazi yake. Alianza vizuri, sauti yake ndogo lakini imenyooka, kijani, kijani, kijani. Aya ya kumi. Ya kumi na mbili. Nilikuwa nahesabu kwa vidole vya mkono mwingine. Ya kumi na nne. Moyoni nikasema pita, mama, pita.

Akaisoma yote mpaka neno la mwisho. Akavua vipokea sauti, akaviweka mezani bila haraka kama mtu anayeweka kikombe. Akasukuma kiti nyuma. Mikeka haikuwepo, basi akashuka kwenye sakafu tupu, hapo walipokanyaga na viatu wazazi wazima asubuhi nzima, akaweka paji la uso.

"Umesahau," mashine ikasema kwa spika kubwa. "Rudia."

Mgeni mmoja akauliza kwa sauti, "Mtoto anaumwa?"

"Umesahau. Rudia."

"Mwambieni ainuke," mwenyekiti akanong'ona, na mnong'ono wake unafika barabarani. "Muda unakwenda. Baba yake yuko wapi?"

Baba yake alikuwa pale, ameshika simu. Video hiyo ninayo mpaka leo na mkono hautikisiki hata kidogo. Inamwonyesha mtoto chini, halafu nyuma, pembeni ya soketi, inamwonyesha mzee mmoja ameshuka kutoka kwenye kijibao, naye paji lake liko chini katikati ya nyaya. Wawili kati ya watu sabini. Mpigaji picha naye angeweza kusujudu. Udhu alikuwa nao. Alikuwa anarekodi.

Binti yangu akainuka, akakaa, akavaa vyombo vyake, akaendelea na aya ya kumi na sita kama vile hajatoka. Hakuna neno lililompotea. Skrini ikaandika sabini na saba. Watu wawili watatu walipiga makofi, wakaona wako peke yao, wakaacha.

Nje kwenye ngazi nilitaka kumgombeza. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Akaniwahi.

"Nilitaka kupita, baba. Kweli. Nilikuwa nimeshaamua."

"Ikawaje?"

"Niliisoma nikaisikia."

Hayo tu. Nikashuka ngazi nyuma yake, nimebeba begi lake, na maneno yangu nikayaacha humo ndani.

Jumatatu alirudishwa chumba cha nyuma. Aliketi na watoto wa miaka sita, magoti yake juu kuliko vichwa vyao, wakamwita dada mrefu. Mama mmoja sokoni alimpa pole mke wangu kama tumefiwa. Bwana Chaji alimtumia kila mzazi orodha ya darasa la hifdhi kwenye simu, na jina la binti yangu lilikuwa chini kabisa limepigwa mstari, nadhifu, kwa rangi ya kijivu.

Nilimwambia kama hataki kwenda, asiende. Alikwenda. Maalim alikuwa akimaliza na wadogo anawaacha wachore herufi, naye anamgeukia binti yangu. Alianza kumsikiliza juzuu ya ishirini. Siku ya tatu mtoto akanionyesha kwa goti lake mwenyewe jinsi Maalim anavyogonga, na siku hiyo alikuwa amegongewa mara kumi na moja, anahesabu huku anacheka.

Ulipita kama mwezi. Mchana mmoja mwenyekiti akaja karakana, mwenyewe, na tableti kwapani. Nilikuwa nafunga mizani ya bucha na binti yangu alikuwa pale ananishikia bisibisi kabla hajakwenda madrasa. Nikamsogezea mgeni stuli. Akakaa, akakunja nne, kiatu kinaning'inia.

"Shikamoo babu," mtoto akamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Na ni kwako nimekuja. Kamati imekaa. Imeona ulionewa." Akanigeukia. "Siyo kuonewa hasa. Mfumo ulikuwa na pengo. Wewe ulisema mwenyewe, na sisi ni watu wa kusikiliza. Mkwe wangu amefanya kazi wiki tatu. Sasa mambo ni safi. Anarudi darasa la hifdhi, leo leo, nafasi yake ipo."

"Inasubiri sasa?" nikauliza.

"Zaidi ya kusubiri. Kuna kitufe." Akaiwasha, akaisogeza mbali na macho ili aione. "Ukifika aya ya sajda kinatokea chenyewe. Unakibonyeza, mashine inakupa sekunde kumi. Na siyo hivyo tu, inakuongezea alama. Watoto wamekipenda kweli. Darasa zima wako juu ya tisini na tano."

"Wanasujudu wote?"

"Wanabonyeza wote," akasema kwa furaha. "Hakuna hata mmoja anayeruka. Ngoja nikuonyeshe."

Akatafuta kwa kidole kinene, akakosea, akarudi, akakosea tena, mwishowe akakipata. Kitufe cha kijani kilichochorwa mtu mdogo ameinama. Mwenyekiti, kwenye stuli yangu, mguu juu ya mguu, akakibonyeza.

"Umesujudu," akasema yule mwanamke. "Hongera. Alama tano."

Mwenyekiti akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akisubiri. Mimi nilikuwa na jibu, tena refu, lenye matusi mawili ya kiufundi na moja la kawaida. Lakini hakuwa amekuja kwangu. Nikamwangalia binti yangu.

Alikuwa anaangalia ile skrini, nyota zinapasuka juu yake kwa ajili ya mwenyekiti. Akaniwekea bisibisi mezani, akachukua msahafu wake kwenye rafu, akaufuta vumbi la chuma kwa ncha ya mtandio.

"Ahsante, babu," akasema. "Lakini mimi nina somo. Nikichelewa Maalim anaanza na wale wadogo, na wale hawaishi leo."

"Wewe mtoto, hujanielewa. Nafasi yako imerudi. Mbele, na wenzako."

"Nimeelewa, babu."

Akatoka. Mwenyekiti akanigeukia mimi kwa hasira, kwamba sijamfundisha adabu, kwamba kamati haitarudi mara ya pili, kwamba dunia inakimbia. Nikamwomba ainuke kidogo. Stuli ile ndiyo ninayosimamia nikitaka kufikia rafu ya juu, na nilikuwa na kazi.